Kijana Aendaye Peke Yake na Kamera Inayomfuata

Januari 1943, Waitalia watatu waliokuwa wafungwa wa vita walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Hawakukimbilia mpakani. Walitaka kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila asubuhi kutoka ndani ya seng'enge. Mmoja wao aliugua akabaki chini. Wawili, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, wakageukia Point Lenana, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wakateremka na kurudi kambini wenyewe. Adhabu yao ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao, na mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku 7 kwa kuwa ujasiri wao ulimpendeza. Benuzzi aliandika kitabu ambacho wapanda milima wanakisoma hadi leo. Mwaka 1994 kisa hicho kikatengenezewa filamu.

Miaka 20 baada ya Waitalia hao, Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, kijana wa Ukambani aitwaye Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya taifa jipya juu ya mlima huohuo. Picha yake imo vitabuni, na kila mwaka sikukuu ya Jamhuri inapokaribia magazeti huitoa tena. Alifariki mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya maisha magumu ambayo waandishi wa habari waliyaripoti, nasi tukasikitika kwa siku mbili tatu. Wakenya wengi tunamjua Kisoi kwa picha ile na kwa habari fupifupi za televisheni. Wafungwa wa Nanyuki wana kitabu na sinema.

Nimeanza na hao kwa sababu hapa Machakos swali limekuwa likinijia kwa sura nyingi. Vijana wananiuliza: nikipanda pikipiki peke yangu kutoka Masaku hadi Cape Town, au nikitembea kwa miguu hadi Lamu, au nikapanda vilele vyote vikubwa vya Afrika Mashariki, si hiyo ni filamu tayari? Wana simu zenye kamera ambazo watengenezaji filamu wa mwaka 1963 hawakuziota. Wengine wana droni. Wanachokosa, wanasema, ni mtu wa kuwapa fedha na mtu wa kuwaamini.

Jibu langu ni kwamba ndiyo, kijana aendaye peke yake anaweza kubeba filamu nzima ya hali halisi. Lakini hatari peke yake haitoshi kuibeba, wala umbali, wala kuwa wa kwanza.

Chukua Kituluni. Kila mtu wa Machakos anajua kile kipande cha barabara ambapo maji yakimwagwa huonekana kupanda mlima badala ya kuteremka. Video zake mitandaoni hazihesabiki na zote zinafanana: chupa inafunguliwa, maji yanamwagika, watu wanashangaa, basi. Dakika moja inatosha kwa sababu jambo la kuonyeshwa ni moja tu. Video nyingi za wasafiri vijana zina ugonjwa huohuo. Tunaona barabara ndefu, tunaona hema, tunaona jua likichwea, tunaona bango la mpakani, na kijana anatuambia amechoka lakini hakati tamaa. Ukiziweka kumi pamoja huwezi kuzitenganisha. Mtazamaji anavumilia dakika tano, akimpenda sana labda kumi. Filamu ya dakika 80 inataka mtu ambaye tukimaliza kumtazama tunajua kitu juu yake ambacho yeye mwenyewe huenda hakijui.

Mfano mzuri ni Laura Dekker, msichana wa Uholanzi. Mwaka 2009, akiwa na miaka 13, alitangaza kwamba ataizunguka dunia baharini peke yake. Serikali ya nchi yake ikaenda mahakamani, na mahakama ikamweka chini ya uangalizi wa idara ya watoto hadi mwaka uliofuata. Alipata ruhusa, akang'oa nanga Agosti 2010 akiwa na miaka 14, na Januari 2012 akafika kisiwa cha Sint Maarten, safari imekamilika, yeye ana miaka 16. Jillian Schlesinger alitengeneza filamu iitwayo *Maidentrip*, iliyotoka mwaka 2013, na sehemu kubwa ya picha zake Laura alizipiga mwenyewe ndani ya mashua.

Mawimbi yamo katika filamu ile, na dhoruba pia. Kinachoishikilia ni kukua kwake. Mwanzoni anaongea na kamera kama mtoto anayejionyesha kwa wageni. Miezi inapita, anaanza kuinunia. Waandishi wakimfuata bandarini anawakwepa. Kufikia bahari za mwisho unamwona mtu mzima ambaye hana tena haja ya kumridhisha yeyote, na ambaye moyo wake umekwisha ondoka katika nchi aliyotoka. Hakuna mwongozaji angeweza kumpangia mabadiliko hayo. Yalitokea kwa sababu alikuwa peke yake kwa muda mrefu, katika umri ambao miaka miwili humgeuza mtu kabisa. Ndiyo maana ujana una uzito katika swali letu: kijana anarudi akiwa mwingine, na kamera, ikiwa na subira, inaweza kumshuhudia akigeuka.

Sasa tuseme huyu msafiri ni msichana wa Mwala au Kathiani. Swali la kwanza atakaloulizwa katika kila kituo halitakuwa la njia wala la mafuta. Ataulizwa: nani amekuruhusu? Utalala wapi? Mume wako anajua? Mvulana akifanya safari hiyohiyo ataitwa jasiri na kupewa soda. Sisemi hili kwa kulalamika tu. Kwa mtengenezaji filamu, maswali yale ni hazina, kwa sababu kila anayeyauliza anafichua jamii yake bila kujua. Waholanzi walidhani wanamjadili Laura, kumbe walikuwa wanajadili mtoto ni mali ya nani. Filamu ya msichana wa Mwala anayevuka nchi peke yake ingetuonyesha sisi kuliko ambavyo ingemwonyesha yeye, na naamini ingekuwa bora kuliko ya kaka yake.

Kuna tatizo jingine, gumu zaidi, ambalo vijana wanaoniuliza hawajalifikiria. Ukifuatwa na mpiga picha, bado uko peke yako?

Marc-André Leclerc, mpanda milima wa Kanada, alilijibu swali hilo kwa vitendo. Waongozaji Peter Mortimer na Nick Rosen walikuwa wakimrekodi kwa ajili ya filamu ambayo baadaye iliitwa *The Alpinist*. Mara akapotea. Hakupokea simu, hakuwaaga. Walipokuja kupata habari zake, alikuwa amekwisha panda peke yake ukuta mkubwa wa barafu na mwamba katika Mlima Robson mwaka 2016, bila kamera yoyote. Alipoulizwa, maelezo yake yalikuwa kwamba pakiwa na mtu mwingine haiwi tena safari ya peke yake. Hakuwa na kiburi. Alimaanisha alichosema. Machi 2018, akiwa na miaka 25, alifariki Alaska pamoja na mwenzake Ryan Johnson, na filamu ilitoka mwaka 2021 ikiwa na pengo kubwa katikati yake. Pengo lile ndilo linaloipa nguvu. Watengenezaji walikuwa na ujasiri wa kukiri ndani ya filamu kwamba mhusika wao bora ni yule asiyetaka kutazamwa.

Linganisha na Alex Honnold, aliyepanda ukuta wa El Capitan huko California bila kamba tarehe 3 Juni 2017. Filamu yake, *Free Solo*, ilipata tuzo ya Oscar. Wapiga picha wake walikuwa wapanda miamba wenyewe, marafiki zake, na mara kwa mara kamera inawageukia: mmoja anashindwa kutazama, anageuza uso. Wanaogopa kwamba kuwapo kwao kunaweza kumfanya ateleze. Wanaogopa kwamba watamrekodi akianguka. Hofu ile iliachwa makusudi ndani ya filamu, na bila hiyo filamu ile ingekuwa maonyesho ya sarakasi.

Yeyote anayetaka kumpiga picha kijana anayehatarisha maisha lazima ajiulize usiku, kabla ya kulala, kama kamera yake inamsukuma. Kijana mwenye wafuasi mitandaoni tayari anasukumwa. Akiona mawingu yanakusanyika, anajua kwamba kurudi nyuma hakutapendwa na watu wengi kama kusonga mbele. Mwongozaji mwenye utu atakuwa mtu wa kwanza kumwambia kwamba siku ya kurudi nyuma nayo ni sehemu ya filamu, tena huenda ndiyo bora zaidi.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukishapita Athi River, upande wa kushoto utaona kilima cha Lukenya kikiinuka juu ya tambarare. Tuko tayari ndani ya kaunti ya Machakos. Miamba ile ndiyo darasa la Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, na vizazi vya wapandaji vimejifunza pale kufunga fundo, kuaminiana na kamba, na kusikiliza mwili unaposema hapana. Jumamosi utawakuta vijana wakipanda wawili wawili. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini ameshika kamba. Ukipiga picha ya kawaida utampata wa juu tu, kwa sababu ndiye aliye katika anga. Mimi nikitazama picha za namna hiyo huwa namtafuta wa chini.

Mei 2024 nchi nzima ilimtafuta Cheruiyot Kirui. Alikuwa mfanyakazi wa benki, mpanda milima mzoefu, umri wa miaka 40. Alikwenda Everest, mlima wa mita 8,849, akikusudia kufika kilele bila kutumia oksijeni ya mtungi. Mkenya wa kwanza kufika pale alikuwa James Kagambi, tarehe 12 Mei 2022, akiwa na miaka 62, naye alitumia oksijeni kama karibu wote watumiavyo. Kirui alitaka njia ngumu zaidi. Alikuwa akiandika na kuweka picha mitandaoni, na wengi walimfuata hatua kwa hatua. Kisha mawasiliano yakakatika. Siku iliyofuata mwili wake ulionekana chini kidogo ya kilele. Familia iliamua abaki mlimani, kwa kuwa kumteremsha kungeweka maisha ya watu wengine hatarini.

Watu walimwita mtu aliyekwenda peke yake dhidi ya mlima. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Nawang Sherpa, kiongozi wake kutoka Nepal, na Nawang naye hakurudi. Katika maombolezo yetu jina lile lilitajwa kwa haraka, mara nyingi mwishoni mwa habari, mara nyingine halikutajwa kabisa. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Huko Nepal kuna nyumba iliyosubiri kama ilivyosubiri nyumba ya Kirui hapa Kenya. Filamu ya safari ile isiyofika kwenye nyumba zote mbili haitakuwa imekisema kisa.

Basi hapo ndipo ninaposimama. Mtu aendaye peke yake anafaa sana kuwa mhusika mkuu, kwa sharti kwamba filamu iwatafute wote waliofichwa na sifa hiyo ya upekee: aliyeshika kamba, aliyemkopesha nauli, mama anayejifanya halali kwa ajili ya kazi kumbe anasubiri simu, mdogo wake ambaye sasa anachota maji peke yake kwa sababu kaka ameondoka.

Hapa kwetu msafiri hakupimwa kamwe kwa umbali. Katika karne ya 19 Wakamba walipeleka misafara ya pembe hadi pwani, na mfanyabiashara Kivoi wa Kitui alijulikana hata na mmisionari Krapf, aliyefika kwake mwaka 1849. Aliyerudi aliulizwa amerudi na nini, na amemrudisha nani. Watu wa Wamunyu wanamkumbuka Mutisya Munge. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Tanganyika, na huko akajifunza kuchonga vinyago. Aliporudi nyumbani aliendelea kuchonga, majirani wakajifunza kwake, na baada ya miongo michache ufundi huo ulikuwa unalisha maelfu ya nyumba za Ukambani, hadi karakana kubwa ya Changamwe, Mombasa. Twiga wa mti ambaye mtalii amembeba kwenda Ulaya ana asili yake katika kijana mmoja aliyekwenda mbali na kurudi. Ningependa kuona filamu ya Mutisya, na sehemu yake ndefu zaidi ningetaka iwe baada ya kurudi.

Kwa bahati njema, tunao mfano wa karibu wa namna kamera inavyoweza kukabidhiwa mtu na ikamtazama pamoja na watu wake. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, kaunti jirani ya Kitui. Mwongozaji Julia Dahr wa Norway alimpa kamera ndogo, na kwa miaka mitano Kisilu alirekodi mvua, ukame, shamba, watoto, na dhoruba iliyoiharibu nyumba yake. Filamu, *Thank You for the Rain*, ilitoka mwaka 2017. Kisilu anasafiri: anahamasisha wakulima wenzake, anafika hata mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Ni msafiri wa pekee kweli, mkulima mmoja katikati ya suti nyingi. Lakini kila anapoondoka filamu inatukumbusha kwamba mkewe amebaki na shamba na watoto, na kwamba dunia inayompigia makofi haimsaidii huyo mama kuchota maji. Nafikiri sababu ya ukweli ule ni kwamba kamera ilikaa nyumbani kwanza. Ilijua majina ya watoto kabla haijajua Paris.

*Softie* ya Sam Soko, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2020, ilipita njia inayofanana. Boniface Mwangi anapambana mitaani, anagombea ubunge, anakabili vitoa machozi. Filamu ya mwanaharakati mmoja dhidi ya dola ingeweza kutengenezwa kwa urahisi. Soko alikaa na familia ile kwa miaka, mpaka mkewe, Njeri, akawa nusu ya filamu, na swali likawa kama mtu anaweza kuitanguliza nchi mbele ya watoto wake bila kuwadhulumu. Nani angelijua swali hilo kama kamera ingebaki mtaani?

Kwa hiyo kijana akinijia na mpango wa safari, siulizi tena pikipiki ni ya aina gani. Namuuliza nani hataki aende. Kama hakuna, nina wasiwasi na filamu yake. Namuuliza atakapokuwa njiani nani ataishika kamera ya nyumbani, kwa maana kamera ziwe mbili, moja yake na moja ya dada yake au ya rafiki. Namuuliza kama atakubali kuonyeshwa akiwa amekosea, akiwa na woga, akiwa hana nauli ya kurudi. Wengi wanasitasita hapo. Wachache wanacheka na kusema hawajawahi kuulizwa hayo. Hao wachache ndio ninaowaombea wapate mtengenezaji filamu.

Nyenzo zipo kuliko zamani. Kaunti hii iliwahi kujitangaza kuwa nyumba ya filamu, enzi za Machawood chini ya gavana wa kwanza Alfred Mutua, na ingawa shangwe ile imepoa, vijana waliojifunza kushika kamera hawajasahau. Nairobi kuna DocuBox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge kwa ajili ya filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Safari si lazima iwe ng'ambo. Ol Donyo Sabuk iko ndani ya kaunti yetu, Yatta iko mlangoni, na mtu anayetembea kwa miguu uwanda wote wa Yatta akilala kwa wenyeji atakutana na Kenya ambayo barabara kuu haiioni.

Na yupo Kisoi. Wakati mwingine najipangia filamu yake kichwani. Mlima ningeuonyesha kwa uchache, umekwisha pigwa picha za kutosha. Kisoi hakupanda peke yake, ingawa picha inatufanya tuamini hivyo, kwa hiyo ningeanza na wenzake na wapagazi: nani alibeba nini, nani alitangulia, nani aliachwa nje ya picha. Kisha ningekwenda kwake Ukambani kuuliza ilikuwaje kuishi na mtu ambaye nchi ilimkumbuka siku moja kwa mwaka. Aliondokaje kijijini, alirudi na nini, nani alimlisha alipozeeka. Hayo hayahitaji droni. Yanahitaji kinasa sauti, nauli ya matatu, na mtu anayeongea Kikamba vizuri na asiye na haraka. Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule wa uhuru sasa amepita 80, na vijana wenye kamera hapa Machakos wanaweza kuanza wiki ijayo.